Sekunde Nne za Ambokile

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai ya Ndulilo, Tusekile Mwaisumo alifungua ofisi yake, akatundika koti la mvua, akawasha kioo cha mezani. Taa ya njano ilikuwa inawaka.

Katika miaka mitatu tangu wafanyakazi wenzake wamchague kuwa mtunza funguo, alikuwa ameiona taa hiyo mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa chumba cha kukaushia, ambaye sukari ilikuwa imempanda bila mwenyewe kujua. Mara ya pili ilikuwa ya dada wa mapokezi, mjamzito wa wiki tano, naye hakuwa na habari. Alipoambiwa alipiga vigelegele hadi masijala wakasikia, na siri ikaishia hapohapo.

Safari hii jina lililotokea lilimfanya Tusekile avute kiti akae. Ambokile Mwakyambiki. Mwendesha buibui, mashine ya kuchumia chai, mlima wa tatu.

Shanga zilikuwa kazi ya Tusekile. Kila mwajiriwa wa Ndulilo alikuwa nayo moja chini ya ngozi, karibu na mfupa wa bega, ndogo kama punje ya mahindi, ikiishi kwa joto la mwili. Ilisoma moyo, damu na umeme wa kichwani. Mwajiri aliruhusiwa kuona jambo moja tu kutoka humo: kijani, huyu anaweza kufanya kazi leo, nyekundu, huyu amechoka, apumzike. Mengine yote yalikuwa mali ya mwenye mwili, yamefungwa kwa funguo mbili, mmoja wake mwenyewe na mwingine wa mtunza funguo. Shanga ikikuta jambo lisilo la kawaida iliwasha taa ya njano kwa mtunza funguo peke yake, ikamwonyesha muhtasari, naye akapaswa kumwita mhusika siku hiyohiyo. Anayepeleka habari hizo kwa mwajiri bila ridhaa ya mwenyewe huvuliwa utunzaji na kushtakiwa.

Tusekile hakuona sheria hiyo kuwa kali. Mama yake alikuwa mchumaji enzi ambazo kampuni zilisoma shanga zilivyotaka. Aliachishwa kazi akiwa na miaka hamsini, mzima wa afya, kwa sababu shanga ilikisia kwamba magoti yake yangechoka baada ya miaka miwili. Magoti hayo yalidumu miaka kumi na tisa, nyumbani, bila kazi.

Na aliyeongoza mgomo wa wiki kumi na moja uliozaa sheria hiyo, aliyelala nje ya lango la kampuni kwenye mvua ya Rungwe mpaka wakubwa wakakubali kuzungumza, alikuwa ni huyuhuyu Ambokile.

*

Ambokile aliingia akiwa na buti zake za kazi mkononi na soksi miguuni ili asichafue sakafu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mabega mapana, na ucheshi uliokuwa ukimtangulia mlangoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeniita kama mwalimu mkuu. Haya, nimevunja dirisha la nani?"

Tusekile alimweleza bila kuzunguka. Katika siku kumi zilizopita, mara saba, kichwa cha Ambokile kilikuwa kimezimika. Haukuwa usingizi wala uchovu. Macho yalibaki wazi, mikono ilibaki ilipo, na baada ya sekunde nne aliendelea na alichokuwa akifanya kana kwamba hakuna kilichopita.

Ambokile alicheka. Kisha, alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

"Mbona taa yangu ya kazi ni kijani kila siku?"

"Ile inapima uchovu tu, kaka. Hili haijui kulipima."

"Meneja anajua?"

"Hajui, wala hatajua kutoka kwangu."

"Basi yamekwisha."

"Hayajaisha. Chini yako kuna wachumaji kumi na wanane."

Ambokile alitazama nje, upande wa mlima. Buibui zilikuwa mashine za miguu sita, ndefu kupita nyumba, zilizochuma majani kwenye miteremko ambayo trekta haiwezi kusimama. Wachumaji walitembea katikati ya miguu hiyo wakitafuta ncha changa ambazo vidole vya mashine huzivunja. Kwa kuwa macho ya mashine hudanganywa na ukungu, sheria ilitaka kila hatua ya mguu iamuliwe na mtu aliyeketi juu.

"Ipo ibara ya kumi na tisa," Tusekile alisema kwa upole. "Uliipigania mwenyewe. Anayejitaja kuwa na tatizo la mwili anapewa nafasi inayolingana na cheo chake, na hakuna wa kumgusa."

"Imeandikwa, ndiyo. Umewahi kuiona ikitembea?" Ambokile alizitazama buti zake. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuitumia hapa. Nitajitaja, watanipa fagio, na hilo fagio wataliita nafasi inayolingana. Miaka thelathini na moja nimekaa juu kule, Tusekile. Naujua ule mlima kuliko ninavyoijua sebule yangu."

"Najua."

"Nipe siku mbili. Nitaomba likizo leo hii, nifikiri, nizungumze na Bupe."

Tusekile alikubali, na moyo wake ukatulia. Mtu aliyeilalia sheria kwenye matope hangeshindwa kuiamini.

*

Mchana huo meneja mwenyewe, Bwana Kaijage, alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, aliyezoea kubisha hodi hata kwenye milango iliyo wazi.

"Dada Tusekile, samahani kukukatiza. Jana buibui ya mlima wa tatu ilisimama mguu ukiwa hewani. Sekunde nne. Kumbukumbu za mashine ni zangu, hizo naruhusiwa kuzisoma. Fundi ameifungua yote, hajaona kosa."

Tusekile alizipanga karatasi zilizokuwa mezani.

"Kama tatizo haliko kwenye mashine, liko kwa aliyeikalia," Kaijage aliendelea. "Sitaki kumfukuza mtu. Nakuapia. Nataka tu kujua nani asimame chini ya nini."

"Nakuamini, meneja."

"Basi niambie."

"Nakuamini wewe. Lakini nikikuambia wewe leo, nitakuwa nimemwambia na meneja atakayekuja baada yako. Huyo simjui."

Kaijage alisugua paji la uso. "Na huo mguu ukimshukia mtu kesho?"

Swali hilo lilimkaa Tusekile kifuani. Alitamani kumwambia kwamba kesho yule mtu hatakuwepo, yuko likizo. Lakini hata hilo lingekuwa jibu. Alimkaribisha chai, meneja akakataa kwa heshima, akaenda zake.

*

Jumatano asubuhi Tusekile alikuwa akipanda njia ya mlima wa tatu, amebeba fomu za wachumaji wapya, aliposikia mngurumo wa buibui. Aliinua kichwa. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, na kwenye kiti cha juu, akiwa amevaa kofia yake ya sufu nyekundu, alikuwa Ambokile.

Baadaye angejua kilichotokea: dereva wa zamu alikuwa amepatwa na homa, majani yalikuwa yamefika siku yao, na Ambokile, aliyekuwa amekuja tu kutia saini likizo, akajiambia ni asubuhi moja. Lakini wakati ule Tusekile hakujua lolote. Aliwaona wachumaji wameinama kati ya miguu ya chuma, mmoja akiimba, wengine wakimwitikia.

Aliziachia fomu zikaruka, akakimbia.

Kwenye nguzo mwanzoni mwa kila mstari palikuwa na mpini mwekundu. Ibara ya saba ilimpa mfanyakazi yeyote haki ya kuuvuta: akiamini kwa dhati kuwa kuna hatari, anasimamisha mlima mzima, wala halazimiki kusema kwa nini mpaka Baraza la Kazi limsikilize ndani ya siku tatu. Ikionekana amevuta kwa hila, hana kazi tena.

Aliuvuta kwa mikono miwili.

Kengele ililia mlima mzima. Wachumaji waliacha vikapu wakatoka mbio hadi kwenye njia, kama walivyofundishwa. Aliyeketi juu alitakiwa ashushe miguu yote na kutulia. Mitano ilishuka. Wa sita ulibaki umening'inia juu ya vikapu, na Tusekile akajikuta anahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kisha mguu ukashuka, ukavitandaza vikapu viwili kama karatasi.

Hakuna aliyeumia. Mama aliyekuwa anaimba alisimama ameshika kichwa, anavitazama vikapu.

Ambokile aliteremka ngazi taratibu. Alimjia Tusekile mpaka karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Umenisimamisha mbele ya watu."

"Nimeusimamisha mlima, kaka. Jina lako halijatoka mdomoni mwangu."

"Niliisikia kengele, nikashusha miguu yote papo hapo."

Tusekile alimtazama, akaona kwamba mtu huyu anasema anachokiamini kabisa.

*

Kampuni ilileta barua kabla ya saa sita mchana. Shauri lingesikilizwa Ijumaa. Wenzake waligawanyika: wapo waliompa mkono, wapo waliolalamika kwamba mlima umesimama na majani yaliyofika siku yao yanazeeka mtini kwa sababu ya mtu asiyetaka kusema sababu. Tusekile aliwasikiliza wote, akarudi kwenye kazi zake.

Alhamisi alasiri alikwenda nyumbani kwa Ambokile. Bupe, mkewe, alimpokea kwa mikono miwili, akamwekea sahani ya ndizi za kupika kabla hajauliza kilichomleta. Ambokile alikuwa amekaa barazani.

"Sikuja kubembeleza," Tusekile alisema. "Nimekuja kwa sababu ni haki yako kuona. Nina ufunguo wangu. Wako ni kidole chako. Ukitaka, fungua. Usipotaka, nakula ndizi zangu naondoka."

Ambokile alifuta kidole kwenye suruali. Hatimaye akanyoosha kidole, akakiweka kwenye kioo kidogo alichobeba Tusekile.

Mstari wa kichwa chake ulitokea, ukipanda na kushuka kama vilima vya Rungwe. Tusekile aliusogeza mpaka Jumatano asubuhi. Vilima vikawa mawimbi marefu, yote sawasawa, kana kwamba yamechorwa kwa mashine. Kisha vilima vikarudi.

"Hapa ndipo kengele ilipolia," alisema, akionyesha sehemu iliyo kidogo kabla ya mawimbi. "Na hapa ndipo mguu wa sita uliposhuka."

Bupe alikuwa amesimama nyuma yao akifuta mikono. "Kumbe," alisema. "Kumbe ni hilo. Juzi ulikuwa unamimina chai, ikajaa kikombe, ikamwagika mezani, wewe unatazama tu. Halafu ukaniuliza nani kamwaga. Nilinuna siku nzima nikidhani unanifanyia makusudi."

"Ndiyo maana ulininyima chakula cha jioni?"

"Ndiyo maana."

Ambokile alianza kucheka, Bupe naye akacheka, na katikati ya kicheko macho ya mzee yakajaa machozi. Alishika kofia yake ya sufu akaikunja mapajani.

"Nani alikuwa chini ya ule mguu?"

"Vikapu tu. Sekunde kumi kabla, alikuwa Mama Gwantwa, yule aliyekuwa anaimba."

Ambokile alitikisa kichwa polepole. "Tulilala pale langoni ili wasitutupe. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningejificha nyuma ya sheria hiyohiyo watu wakiwa chini yangu." Akamgeukia Tusekile. "Kesho usiseme kitu. Hata wakikubana."

"Sikuwa na mpango wa kusema."

"Watakufukuza."

"Labda."

*

Baraza la Kazi lilikaa kwenye bwalo la chakula, kwa kuwa ndipo palipokuwa na viti vya kutosha. Msuluhishi alikuwa Bi. Mndeme, mwanamke mwembamba mwenye miwani mikubwa, aliyeomba kwanza madirisha yafunguliwe kwa sababu harufu ya maharage ilikuwa inamvuruga. Watu walicheka, na bwalo likapumua.

Wakili wa kampuni alizungumza vizuri. Alisema hakuna anayepinga haki ya kusimamisha kazi, lakini haki isiyo na sababu ni rungu. Akamwuliza Tusekile, "Uliona nini?"

"Niliamini kuna hatari."

"Kwa kutegemea nini?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Sina ruhusa. Kilichoniaminisha si mali yangu."

Bi. Mndeme aliinua macho. "Bi. Mwaisumo, unaelewa kwamba kama hakuna ushahidi mwingine mbele yangu, nitalazimika kuamua kwa hiki ulichonipa?"

"Naelewa, mheshimiwa."

Tusekile alikunja mikono yake juu ya meza. Alimfikiria mama yake, na miaka yote ile ya kukaa mlangoni akitazama wenzake wakipanda mlimani, akajua kwamba hata akipoteza kazi leo, atakuwa amepoteza kitu ambacho mama yake alinyang'anywa bila kuulizwa, ila yeye ameulizwa na amejibu. 

Kiti kiliburuzwa nyuma.

"Mheshimiwa, mali hiyo ni yangu," Ambokile alisema. "Nairuhusu."

Alieleza yote akiwa amesimama wima, pamoja na mambo ambayo Tusekile hakuwa na ruhusa ya kuyasema: jinsi alivyoahidi likizo akaivunja, jinsi alivyoogopa fagio. Alipofika kwenye mguu wa sita, Mama Gwantwa alitoa sauti ndogo kutoka viti vya nyuma. Ambokile alimgeukia, akamwomba radhi mbele ya wote. Mama huyo alisimama, akasema, "Ndaga, baba, asante. Vikapu utanisukia wewe mwenyewe." Bwalo zima likaangua kicheko, na Ambokile akainamisha kichwa akikubali hukumu hiyo.

Bi. Mndeme aliandika kwa dakika kadhaa. Kisha akasema kwamba kengele ilivutwa kwa haki, na kwamba mtunza funguo aliitunza siri mpaka mwenyewe alipoitoa. Kwa kampuni alikuwa na swali moja. "Bwana Mwakyambiki amejitaja. Ibara ya kumi na tisa inaanza kufanya kazi sasa hivi. Nafasi inayolingana mtakayompa ni ipi?"

Wakili alianza kusema kwamba kampuni ingehitaji muda. Kaijage akamgusa mkono, akasimama.

"Muda hauhitajiki. Waendeshaji wapya sita wanafika mwezi ujao, na hakuna wa kuwafundisha. Nilikuwa nimepanga kununua programu." Alimtazama Ambokile. "Cheo kilekile. Mashine ya mafunzo imefungwa kwa minyororo ghalani, haina mtu chini yake. Kama mwenyewe ataridhia."

Ambokile alirudi kwenye kiti chake, akakaa.

"Kwenye mkataba mtaandika nini?" aliuliza.

"Msaidizi wa mafunzo."

"Hapana. Andikeni mwendesha buibui. Chini yake, mwalimu. Yaje kwa mpangilio huo."

Bi. Mndeme alimtazama Kaijage kwa juu ya miwani. Kaijage alitabasamu, akaomba kalamu.

*

Wiki tano baadaye, saa tatu asubuhi, Tusekile alipita ghalani akakuta mlango uko wazi. Dawa za hospitali zilikuwa zimeanza kumsaidia Ambokile. Mawimbi marefu yalikuwa yametokea mara moja tu tangu mwezi uanze, na habari hiyo alimletea mwenyewe kutoka hospitali, bila kuitwa, pamoja na mkungu wa ndizi kutoka kwa Bupe.

Ndani, waendeshaji wapya sita, wasichana wanne na wavulana wawili, walikuwa wamejipanga mbele ya buibui iliyofungwa minyororo. Ambokile alitembea mbele yao, mikono nyuma.

"Nani anajua somo la kwanza?"

"Kuwasha," mmoja alisema.

"Kupiga hatua," akasema mwingine.

"Kuusoma mteremko, mwalimu."

Ambokile alitikisa kichwa. Aliushika mkono wa ngazi, akausugua kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Kupanda kila mtu anajua. Kiti cha juu ni kitamu, mtu akishakikalia hataki kukiacha, nami nawaambia kwa kuwa nimekikalia. Leo mtajifunza kusimamisha, kuweka miguu yote chini, na kushuka. Mkiwa mmechoka, mnashuka. Mkiwa na mashaka, mnashuka. Mkubwa akifoka, mnashuka kwanza, halafu mnamsikiliza mkiwa chini. Hakuna atakayewaandikia kosa kwa hilo, na akiwaandikia, ofisi ya kumshtaki ni ile pale yenye mlango wa kijani." Aligeuka akamwona Tusekile, akamwinulia kofia. "Haya. Wewe mwenye buti mpya. Panda mpaka juu, kaa, halafu utuonyeshe unavyoshuka."

Msichana alipanda haraka, akifurahi, mpaka juu kabisa. Alipokaa aliangalia ghala lote kutoka kule, na ilionekana wazi kwamba angependa kubaki. Kisha akageuka, akatafuta kipago cha kwanza cha ngazi kwa ncha ya buti, na wenzake wakaanza kumhesabia vipago, mmoja baada ya mwingine, mpaka akagusa sakafu.